Kamba Chini ya Mlango

Agizo lilitoka asubuhi, kabla hata chai haijachemka: jiko la mkaa liondoke kwenye korido ya chini. Bwana Venant, meneja mpya, hakulitoa kwa ukali. Alisimama mbele ya Sabina, amekunja suruali yake kidogo isiguse masufuria, akasema kwa upole kama mtu anayemshauri mgonjwa.

“Mama, hapa si gulioni Usagara. Jengo limepata mwenyewe sasa. Wapangaji wetu wa minofu ya sangara wanaleta wageni kutoka Ulaya. Mgeni akitoka kwenye lifti, akutane na nini? Moshi na vitumbua?”

“Nimekaa hapa siku zote, baba. Shirika, lilipokuwa na jengo hili, liliniruhusu.”

“Shirika limekufa, mama. Mungu alilaze pema.” Akacheka peke yake. “Uza nje, kule nyuma kwenye mapipa. Wateja watakufuata. Si wanasema vitumbua vyako vinawavuta kwa harufu?”

Sabina akainama, akajifanya anachochea moto. Hakuwa akiwaza wateja. Alikuwa akiitazama kamba ya katani iliyoanzia chini ya kigoda chake, ikapita chini ya mlango wa chumba cha mitambo, ikaishia huko ndani kwenye kifundo cha mguu wa mumewe.

Nyuma ya mlango ule Yeremia alikaa mbele ya ubao wa mitambo, ambao wataalamu wa kizungu waliufunga Jengo la Mazao lilipojengwa. Ubao ndio ulioliongoza jengo zima: pampu za maji, mashine za baridi, lifti. Kitu kikiharibika, taa nyekundu iliwaka na kengele ikalia, naye Yeremia akainuka akakishughulikia. Lakini taa ziliungua moja baada ya nyingine katika ile miaka ambayo hata sabuni ilitafutwa kwa foleni, na za aina ile hazikupatikana tena. Ikabaki kengele peke yake. Na jenereta, iliyounguruma chumba cha pili miaka yote ya mgao wa umeme, ikayala masikio ya Yeremia polepole, kama kutu inavyolila bati kwa chini huku juu rangi bado inang’aa.

Ndipo Sabina alipohamishia jiko lake mlangoni. Kengele ikilia mara moja, maji ya tangi yamepungua. Alivuta kamba mara moja. Ikilia mara mbili, mashine ya baridi. Alivuta mara mbili. Ikilia bila kukoma, lifti imekwama na watu ndani. Alivuta bila kukoma. Wafanyakazi wa ofisini waliona tu mwanamke asiyebanduka mlangoni pa mumewe.

“Mama Justa analinda mali yake,” Odeta, karani wa ghorofa ya pili, alikuwa akisema kila akija kunywa chai. “Dada, nani atakuibia mzee yule? Hata salamu hajibu!”

“Wezi hawana macho, mwanangu,” Sabina alijibu, na wote walicheka, na siri ikapata siku nyingine ya kuishi.

*

Waliishi juu ya paa, katika chumba kilichojengwa kando ya tangi kwa ajili ya mtunza mitambo. Jioni ile Sabina alikaa mbele ya mumewe, taa katikati yao, akamweleza kwa midomo. Midomo aliyoweza kuisoma Yeremia ilikuwa hiyo tu, tena katika Kisukuma. Kwa watu wengine alibahatisha: anayetangulia kufungua mdomo atakuwa anasalimia, anayeinua nyusi atakuwa anauliza. Kanisani aliimba akiwa nyuma ya wenzake kwa neno moja, na Sabina alimgusa kwa kiwiko wakati wa kuketi ulipofika.

“Tuwaambie,” Sabina alisema.

“Tumwambie nani? Venant?” Yeremia alisema kwa sauti ya chini. Alikuwa amejifundisha kuishusha, kwa kuweka kiganja kifuani na kupima mtetemo, kwa sababu viziwi hujulikana kwa kelele zao. “Obedi mlinzi alichechemea tu. Walipoanza kupunguza watu, walianza na nani?”

“Mwalimu wetu ana miwani,” alisema Justa, binti yao wa darasa la sita, bila kuinua kichwa kwenye daftari. “Na hajafukuzwa.”

Sabina alimrudishia baba maneno ya mtoto. Yeremia akatabasamu.

“Miwani ni ya wasomi, mwanangu. Mtu akivaa miwani anaitwa profesa. Kiziwi ni kichekesho.”

Kulikuwa na jambo jingine. Ubao ule wa zamani ulikuwa unang’olewa. Injinia amefika, anaitwa Ogweno, mtu wa Mara, na amekuja na makasha ya mtambo mpya wenye kompyuta. Mtu mmoja wa zamani atabakizwa auangalie. Akibakizwa Yeremia, chumba cha juu kinabaki chake. Asipobakizwa, watarudi Buswelu kwenye banda la kaka yake Yeremia, na Justa ataiacha shule ya mjini.

“Odeta anasema kompyuta zinalia,” Sabina alisema. “Pi, pi, pi. Sauti nyembamba kama ya kifaranga.”

Yeremia aliwaza kidogo. “Kengele kubwa siisikii. Kifaranga nitakisikia?”

Wakaomba. Sabina alimshika mkono, akambonyeza kidole kila walipofika mwisho wa ombi, ili waseme Amina pamoja.

*

Kule kwenye mapipa moshi ulipanda vizuri na wateja walimfuata kweli, lakini kengele haikufika. Sabina alikuwa akiacha jiko kila mara na kukimbia hadi mlango wa nyuma kusikiliza, kama mama mwenye mtoto mchanga. Kwa siku kadhaa Mungu aliwasitiri. Maji hayakupungua, baridi haikukatika.

Kisha mchana mmoja Odeta alitoka nje mbio, kiatu kimoja mkononi.

“Lifti imekwama! Bwana Venant yumo na wale wazungu wa samaki! Wanapiga milango kama ngoma!”

Sabina aliangusha mwiko. Alipofika koridoni, injinia Ogweno alikuwa amemtangulia na kuusukuma mlango wa chumba cha mitambo. Kengele ilikuwa ikilia, nzito, bila kukoma, hadi vumbi likatikisika juu ya ubao. Chini yake kabisa Yeremia alikuwa ameketi, Biblia magotini, kidole kikifuata mstari wa Zaburi. Aliona kivuli, akainua uso, akatabasamu kwa adabu.

“Karibu, injinia,” alisema kwa ile sauti yake ya chini. “Kaa. Leo kumetulia.”

Ogweno alimpita, akakanyaga kamba iliyokuwa imelala sakafuni, akabonyeza swichi moja hadi nyingine mpaka lifti ikashuka. Bwana Venant alitoka na shati limeshikana na mgongo. Wageni hawakusema kitu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Akachungulia chumbani.

“Alikuwa wapi huyu?”

“Hapa,” alisema Ogweno.

“Hapa wapi?”

“Hapa hapa, meneja. Chini ya kengele. Anasoma Biblia.”

Yeremia alitazama mdomo huu na mdomo ule. Akamtafuta mkewe katikati ya watu waliojazana mlangoni, na alipoyaona macho yake akajua. Akasimama polepole, akaivua kofia.

“Na anavua kofia sasa!” Venant alisema. “Mzee, una dharau wewe. Dharau ya wazi.”

*

Kesho yake Ogweno alimwita Yeremia ofisini. Sabina alikwenda naye akiwa amebeba chupa ya chai na vitumbua kwenye sahani, apate sababu ya kuingia. Alisimama nyuma ya kiti cha injinia, mahali mumewe angeweza kumwona.

“Shikamoo, mzee,” alisema Ogweno.

“Marahaba, mwanangu.”

“Umefanya kazi hii muda mrefu.”

Sabina akayahamisha maneno kwa midomo. “Mrefu,” alisema Yeremia. “Tangu rangi ya kwanza ya jengo.”

Injinia alitabasamu, akauliza kuhusu pampu, na majibu yakaja yamenyooka, ila yalichelewa kidogo. Kisha akageuka ghafla, akamkuta Sabina ameachama.

“Mama, mbona unamsemesha?”

“Namkumbusha tu, baba. Mume wangu ni mtu wa maneno machache. Wasukuma tuko hivyo.”

“Wasukuma wa maneno machache?” Ogweno alicheka. “Hao wanatoka wilaya gani? Mimi nimekaa nao bweni moja, tulikuwa tunalala pale tu wanaponyamaza.”

Sabina naye akacheka, lakini mikono ilikuwa imeibana sahani. Ogweno akaweka kalamu chini. Sauti yake ilishuka, ikawa ya mtu anayezungumza na mama yake.

“Mama, niambie ukweli. Hapa tuko watatu. Mzee anasikia?”

Katika mawazo Sabina alimwona Obedi akitoka getini na fimbo yake. Alikiona chumba cha juu, na sare ya Justa kwenye kamba ya nguo. Akawakumbuka wakunga wa Misri, waliomdanganya Farao kwa ajili ya watoto, na Mungu hakuwaadhibu. Maandiko yanasema aliwajengea nyumba. Mimi sitaki kujengewa, Bwana, alisema moyoni. Niachie hii niliyo nayo.

“Anasikia sana, baba,” alisema. “Hata mchwa akitafuna mlango, yeye ndiye wa kwanza kuamka.”

Ogweno alikigeuza kiti chake, akamkabili.

“Una hakika, mama?”

“Mimi ni mkewe. Nisijue?”

“Basi jana kengele aliisikia.”

Hilo hakuwa amelifikiria. “Alikuwa anaomba, baba. Mtu akizama katika maombi…”

“Watu walikuwa wamefungiwa, mama. Mmoja wao alikuwa anapumua kwa shida.” Akaichukua tena kalamu. “Haya. Asanteni kwa chai.”

Walipotoka, Yeremia alimgusa bega. “Aliuliza nini mwishoni? Uso wake ulibadilika.”

“Aliuliza kama tuna watoto,” alisema Sabina.

*

Kazi alipewa Antoni, kijana wa ghorofa ya tatu aliyekuwa akipeleka mafaili. Venant alitangaza mwenyewe, tena kwa adabu. Chumba cha juu kingewekwa dishi la kunasa televisheni za nje. Familia ihame mwezi ukiisha.

“Msinielewe vibaya,” alimwambia Sabina, kwa sababu naye alikwisha zoea kusema na Sabina. “Uzee hatuuchukii. Ila mashine mpya haitaki mtu wa maringo.”

Siku ya kurudisha funguo Yeremia hakutaka kushuka. Alisema miguu inamuuma. Sabina alishuka peke yake, na kwa mara ya kwanza aliuona mtambo mpya. Ubao wa zamani ulikuwa umelala koridoni, nyaya zimetoka nje kama utumbo. Mahali pake palisimama kabati jeupe lenye kioo, na juu ya kioo safu ya taa: kijani, njano, nyekundu. Mashine zilikuwa zikizunguka, tena vizuri kuliko zamani, na chumba kilikuwa kimya kama kanisa siku ya kazi.

“Kinalia saa ngapi?” aliuliza.

“Nini?” alisema Ogweno, aliyekuwa akikunja nyaya zake.

“Hiki kifaranga. Wanasema kinalia.”

“Hapana, mama. Hakina kengele. Tatizo likitokea taa inawaka, na maandishi yanatokea hapo kwenye kioo: maji, baridi, lifti. Anayekaa hapa kazi yake ni kutazama tu.”

Sabina aliweka funguo mezani. Zilianguka, akaziokota, akaziweka tena.

“Kwa hiyo hata mtu…”

“Hata kiziwi,” alisema Ogweno. “Nitakuambia jambo, mama, kwa kuwa mnaondoka. Baba yangu alifanya kazi kwenye injini za meli hapa ziwani. Masikio yakaisha. Nyumbani tulikuwa tunapiga mguu sakafuni ili ageuke. Nilipomkuta mzee chini ya kengele, nilisema moyoni, huyu ni kama baba. Nikataka huu mtambo uwe wake, maana hakuna anayeutazama mtambo kama asiyesikia. Ndiyo maana nilikuuliza. Ukanihakikishia.” Akashusha pumzi. “Mtu asiyesikia ningemtetea. Mtu anayesikia wenzake wanapiga kelele, akaendelea kusoma, ningemteteaje?”

“Hasikii, baba,” alisema Sabina.

Ogweno aliacha kukunja.

“Hasikii kitu. Ni muda mrefu. Mimi ndiye niliyekuwa masikio yake. Nilidanganya.”

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyasema maneno yale kwa mtu asiye wa nyumbani mwake. Injinia alimtazama, na katika macho yake Sabina aliona kitu kibaya kuliko hasira: alikuwa akijaribu kuamini na hakuweza.

“Mama,” alisema taratibu, “juzi anamsikia mchwa. Leo hasikii kitu. Sasa nimeshakuambia kwamba kiziwi ningemchukua. Neno lako nilipokee lipi?”

“Mungu ni shahidi yangu.”

“Na juzi Mungu alikuwa wapi?”

Ogweno mwenyewe alijutia neno lile, kwa maana aliinamisha kichwa.

“Hata nikikuamini, mama yangu, Antoni ameshatia sahihi. Mkewe ni mjamzito. Nimfukuze?”

“Usimfukuze,” alisema Sabina. “Hajakosa.”

*

Siku ya kuhama, Mihayo, dereva wa pikapu kutoka Buswelu, aliegesha gari nyuma ya jengo, kando ya wauza nyanya na dagaa. Alikuwa mtu wa haraka. Godoro lilikuwa limepanda, kabati limepanda, na Justa ameketi juu ya mafurushi akikumbatia mkoba wake wa shule, amegeuza uso upande wa pili ili wenzake wakipita wasimtambue.

“Mzee, shika upande huo!” Mihayo alipiga kelele. “Mzee! We mzee!” Yeremia alikuwa amempa mgongo, akiitazama ile ghorofa. “Eh, mzee wenu ana maringo. Mtu anahama na bado anataka kubebewa.”

Sabina akamwendea mumewe kwa mbele. Tangu arudishe funguo alikuwa amelibeba neno lile kifuani. Alikuwa amepanga kumweleza Buswelu, taratibu, wakishatulia. Lakini alipouona uso wake umeelekea juu kwenye dirisha lao, aliona kwamba huyu mtu anaondoka akiamini ni masikio yake yaliyomtoa.

“Baba Justa,” alisema kwa midomo.

Yeremia alimtazama mdomoni. Akakunja uso. “Sema tena. Mdomo unatetemeka, siusomi.”

Akajaribu tena. Machozi yalikuwa yameingia kinywani, na midomo ile aliyoisoma Yeremia miaka yote ikakataa kutulia. “Unasema nini, mama Justa? Nani amekufa?”

Ndipo Sabina alipofungua koo lake.

“Hakina kengele!” alipiga kelele. “Mtambo hauna kengele! Una taa! Aliniuliza kama husikii, nikasema unasikia! Angekupa kazi! Ni mimi! Ni mimi niliyesema unasikia!”

Alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Mizani ilisimama mkononi mwa muuza dagaa. Odeta alitokeza dirishani. Justa juu ya mafurushi alifunika uso kwa mkoba.

Yeremia alikuwa ameelewa. Si yote, lakini ya kutosha. Kinywa kilichopanuka kwa kelele kilisomeka, na maneno yakamfikia kama mtu anayeita kutoka ng’ambo ya mto. Kisha akaweka kiganja kifuani, akasema chini chini:

“Taratibu, mama Justa. Watu watajua.”

Sabina akageuka kuwatazama watu. Walikuwa wameshajua wote. Hakuna aliyecheka. Muuza dagaa alisema, “Maskini, kumbe hasikii,” kama mtu anayesema kumbe leo ni Jumanne, akaendelea kupima. Mwenye nyanya alirudi kwenye mafungu yake. Jambo walilolificha kwa kamba mlangoni na kwa kiwiko kanisani lilikuwa limepita barabarani mchana kweupe, na soko likalipokea kama linavyopokea vitu vyote, likaendelea na biashara.

Yeremia alimfuta mkewe machozi kwa ukingo wa kofia yake. Hakumwambia kwamba amemsamehe, wala hakumlaumu. Alisema tu, “Kama ningeulizwa mimi, ningejibu hivyo hivyo,” na Sabina akalia zaidi, kwa sababu alijua ni kweli.

Mihayo aliizunguka pikapu. Hakuita tena. Alikwenda hadi mbele ya Yeremia, akasimama mahali anapoonekana vizuri, akamwonyesha kwa mkono kiti cha mbele, kisha akainua goti kama mtu anayepanda farasi: mzee, panda, twende.

Yeremia alielewa mara moja, akapanda.